Wifi anataka nimkopeshe jina, mama kauziwa fomu, na matangazo ya mtaa mi nayasikia yakishapita

Shangazi shikamoo, na wasomaji wote assalaam aleykum.

Mi ni mama wa watoto watatu nipo hapa Tanga mjini, mtaa nisiutaje maana wenyewe tunajuana. Nakaanga mihogo na bajia barabarani, saa kumi na moja alfajiri niko kwenye karai mpaka saa tano hivi, jioni natoka tena na chachandu yangu mpaka isha. Siku mihogo ikiisha yote nabaki na 7,000 mkononi. Baba watoto mvuvi, saivi yupo dago, kambi ya wavuvi, upande wa Pemba, anatuma zikipatikana na kipindi hiki cha kusi Shangazi unajua mwenyewe bahari inavyokuwa. Nakaa na mama yangu mzazi ana miaka 71, miguu inamsumbua, kutoka chumbani mpaka uani mpaka ashike ukuta.

Ndani ya mwezi mmoja yamenikuta mambo yote yanahusu hizi pesa za serikali, za mikopo na za misaada, na nimechanganyikiwa kabisa.

Wifi yangu, dada yake baba watoto, alikuja nyumbani na soda na mkate wa mofa, nikajua kuna jambo. Akasema mikopo ya halmashauri ile isiyo na riba imetangazwa, yeye na wenzake wana kikundi cha kutengeneza sabuni ya maji ila wapo wanne na wanatakiwa watano, kwahiyo nimkopeshe jina tu. Nikamuuliza jina tu kivipi, akasema wewe hutakuja kwenye vikao wala hutafanya kazi, utasaini tu, wanaomba milioni 10, zikitoka mi nitapewa laki moja yangu ya asante basi tumemalizana. Nikampa nakala ya kitambulisho cha NIDA hapohapo maana nilikuwa na moja ilibaki ya kuandikisha mtoto shule. Usiku ndo nikaanza kuogopa. Kuna jirani akaniambia sabuni yenyewe hawajawahi kutengeneza hata dumu moja, na wifi ana mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, wanamfuata mpaka kazini, kwahiyo hiyo pesa inaenda kuzima moto huko. Nimempigia baba watoto kasema "ni dada yangu, msaidie, jina halitoki damu". Wiki ijayo Alhamisi ndo tunaitwa kusaini.

La pili ni mama. Nimerudi mchana nakuta anatabasamu, ananiambia kuna kijana alikuja na faili, kavaa kitambulisho shingoni, anaandikisha wapya wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, fomu 15,000, na mama akatoa 5,000 aliyokuwa nayo kwenye kanga, iliyobaki nimalizie mimi. Akachukua na namba ya simu ya mama akamuuliza na namba ya siri eti ili pesa zikiingia zisikwame, na mama kampa. Shangazi nililia. Yule mama 5,000 ile alikuwa anaweka ya dawa ya kuchua miguu. Na kinachoniuma zaidi kuna mtu mtaani kwetu ana nyumba ya wapangaji na nasikia anapokea TASAF, mama yangu hajawahi hata kuandikwa, na kila nikiuliza naambiwa "majina yalipitishwa kwenye mkutano, wewe ulikuwa wapi".

Na hapo ndo swali langu haswa. Mi nilikuwa kwenye karai! Mikutano yenyewe inaitwa saa nne asubuhi. Tangazo linabandikwa mlango wa ofisi ya mtaa karatasi moja, mvua ikipiga linachuruzika wino, au linarushwa kwenye grupu la WhatsApp na mi nina kitochi. Hilo tangazo la mkopo mimi nimelisikia kwa wifi zimebaki siku tatu lifungwe. Hata uchaguzi wa mtaa ule wa 2024 nilienda na kadi yangu ya mpiga kura nimefika jina halipo, nikarudishwa, wanawake wa foleni wananiangalia. Tangu hapo nimejiambia haya mambo yana wenyewe.

Nifanye nini Shangazi? Nikimkatalia wifi nitaonekana nina roho mbaya na ukweni nitasemwa. Na mama nimwambieje?

Mama Mihogo, Tanga

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, waaleykum salaam warahmatullah.

Barua yako nimeisoma ya kwanza usiku na nikairudia alfajiri, saa ileile najua we ushawasha jiko. Ukiiangalia vizuri utaona jambo linalokusumbua ni moja tu, ni jina. Pale jina lako na la mama yako linapotakiwa liwepo halipo, na pale lisipotakiwa ndo watu wanakuja na soda kuliomba. Nianze la wifi kwa sababu lina tarehe.

Usisaini. Hata kama nakala ya kitambulisho umeshatoa, hata kama mwenzio anasema dada yangu dada yangu, Alhamisi usisaini.

Ile mikopo naijua. Ipo kwenye sheria tangu 2018, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukitoa vile vyanzo vilivyofungwa kwa kazi maalum, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, ni kweli. Lakini inarudishwa, na deni linakuwa la kikundi, na kikundi ni hao watu watano walioandikwa pale. Wakishindwa wanne anafuatwa wa tano, hata kama wa tano yuko kwenye karai lake hajui sabuni inanukiaje. Sasa piga hesabu na mimi. Milioni 10 kwa watu watano ni milioni 2 kila mmoja. Kwa hiyo 7,000 yako ya siku nzuri, milioni 2 ni siku 286, yaani miezi tisa na nusu unakaanga mihogo na hujanunua hata kibiriti wala mwanao hajanywa uji, na siku ya mvua haihesabiki. Anachokupa wewe ni laki moja. Mwambie baba watoto hesabu hiyo kwenye simu, mwambie polepole, mvuvi anaijua hesabu ya chombo vizuri sana, anajua mtu akikopa mashine kwa jina la mwenzie nani anapokonywa mashua.

Halafu kuna hili. Mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima Aprili 2023, ikakaa zaidi ya mwaka ndo ikarudi 2024, na sababu kubwa ilikuwa pesa kutorudi na vikundi hewa, ambavyo Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali (CAG) alivikuta kwenye karatasi lakini ukienda kwenye eneo hakuna kikundi hakuna biashara. Wanawake wengi waliokuwa na vikundi vya kweli walikaa bure muda wote ule kwa sababu ya majina ya kukopeshana. Mi niliwaona, watu na mashine zao za kushona wamesubiri mpaka wamekata tamaa. Kwahiyo jina lako likikaa kwenye kikundi cha sabuni isiyokuwepo, linaiba nafasi ya mama mwenzio anayetengeneza sabuni kweli, na siku wewe mwenyewe ukitaka kuanzisha kikundi cha mihogo na bajia utaambiwa mama una deni huku. Laki moja haitakulipia hilo.

Kutoka kwenye hili fanya hivi. Kabla ya Alhamisi nenda kwa wifi, usimtumie mtu, nenda mwenyewe na kitu mkononi kama yeye alivyokuja kwako. Mwambie wifi yangu nimefikiria, mimi siwezi kusaini kitu nisichokifanyia kazi, naomba nakala yangu. Hapo nyamaza. Usitaje kausha damu, usitaje jirani aliyekwambia, ukifungua mlango huo mtagombana mpaka Idd. Akikwambia nakala ameshapeleka, siku hiyohiyo nenda ofisi ya kata umuone afisa maendeleo ya jamii, yeye ndo vikundi vinapita mkononi kwake, mpe karatasi fupi yenye jina lako, tarehe na sahihi, useme mimi si mwanachama wa kikundi hiki na sijakubali kuwekwa. Fanya nakala mbili, moja akugongee muhuri wa kupokea ubaki nayo. Huna haja ya kumshtaki mtu yeyote, unasema habari yako tu.

Na siku nyingine ukitoa nakala ya kitambulisho, iwe ya shule iwe ya laini ya simu, chukua kalamu andika juu yake kwa kukatiza, pembeni ya picha, "nakala hii ni ya kazi fulani tu" na tarehe. Inachukua dakika moja. Mi hata ya hospitali naandika.

Wifi nae tusimtupe. Mwanamke anayefuatwa na kausha damu mpaka kazini halali, na mtu asiyelala anaona jina la wifi yake kama boya la kushikilia. Msaada wa kweli ni kukaa nae, wewe na mtu mzima mmoja wa ukweni anayesikilizwa, mkaangalie ule mkataba wake kama upo. Wakopeshaji wadogo wanatakiwa wawe na leseni, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imesema hivyo, na mkopo unatakiwa uwe na maandishi yanayoonesha alichukua ngapi na anarudisha ngapi. Asiyekuwa na leseni anafanya kosa, na huyo ndo mara nyingi anayepiga kelele mlangoni kwa mtu. Aombe aandikiwe deni lililobaki kwa maandishi, halafu ndugu mkae mjue mnamchangia vipi alipe lile alilokopa kweli. Kulizima deni kwa deni la watu watano atajikuta ana wadai wawili badala ya mmoja.

Sasa mama. Kwanza usimgombeze, hata kwa macho. Mtu wa miaka 71 kaona kijana ana faili na kitambulisho shingoni, kaitwa bibi kwa heshima, kaambiwa na yeye leo anakumbukwa, nani asingetabasamu. Hiyo 5,000 imetoka kwenye tumaini.

Haraka sana leo badilisha namba ya siri ya simu yake, kama hujui nenda kwa wakala wa mtandao wake pale unapomjua, akuoneshe ila namba mpya muibonyeze wenyewe. Piga *106# uone kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, maana hawa vijana mara nyingine wanachukua alama za vidole nazo. Kama ikija meseji ya tuma pesa namba hii au bibi umechaguliwa, usiijibu, ipeleke kama ilivyo pamoja na namba iliyoituma kwenda 15040, ni huduma ya kuripoti utapeli. Na mtu wa ofisi yeyote, awe mkubwa awe mdogo, akidai hela ndo akuandike jina, namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, bure, unapiga hata kwa kitochi chako. Kijana wa faili mimi simjui ila hapa kwetu tunasema Tanga waja leo waondoka leo, na huyo akiishapata 15,000 kumi atakuwa Muheza kesho. Waambie na wazee wengine wa mtaa kabla hajarudi. Waambie leo, usisubiri Ijumaa.

TASAF haiuzi fomu. Ipo tangu mwaka 2000, na utaratibu wa kuwapata wale wa kunusuru kaya maskini ni wakazi wenyewe wanakaa kwenye mkutano wanataja kaya zenye hali ngumu zaidi, wanaokusanya taarifa wanapita nyumba kwa nyumba wanajaza dodoso, mnakula mara ngapi, nyumba ya nini, nani anafanya kazi, halafu majina yanarudi tena mbele ya mkutano yasomwe, mtu apinge au akubali. Hakuna mahali kwenye njia hiyo pa kijana na faili lake chumbani kwa mama. Na ndo maana ulivyoambiwa "wewe ulikuwa wapi" imekuuma, kwa sababu aliyekujibu hivyo amekujibu vibaya ila jambo lenyewe kasema kweli, jina linapita au linakwama pale kwenye mkutano. Yule mwenye wapangaji kama kweli yupo kwenye orodha, alisomwa mbele za watu na hakuna aliyenyanyua mkono. Waliojua walikuwa kazini, na waliokuwepo waliona aibu kumsema jirani.

Malalamiko unaweza kuyapeleka. Nenda kwa mtendaji wa mtaa umuulize kamati ya wakazi inayosimamia mpango ni nani na nani, kila sehemu yenye mpango ina kamati yake, uwaeleze hali ya mama na uulize uhakiki mwingine wa kaya ni lini. Usianze na la mwenye wapangaji, anza na la mama yako, watu wakikusikia unaanza na mwenzio wataona umekuja kwa wivu na la mama litapotea hapo. Na wakati huo unasubiri, kuna kitu mama anastahili ambacho hakingoji orodha ya TASAF. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana msamaha wa matibabu, ipo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na halmashauri zinawatambua na kuwapa vitambulisho vya matibabu. Muulizie afisa ustawi wa jamii, nenda na kitambulisho cha mama na barua ya mtaa. Miguu ile inataka daktari kuliko dawa ya kuchua.

Haya, matangazo. Hapa mwanangu ndo nakaa kidogo maana na mimi linaniuma.

Zamani pwani yetu jambo la watu wote lilikuwa linapigiwa mbiu, mtu anapita na pembe mitaani na anasema kwa sauti, ndo wazee wakasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Aliyekuwa jikoni anasikia na mgonjwa kitandani anasikia, na asiyejua kusoma nae hajaachwa nyuma. Leo jambo la mamilioni ya shilingi linaandikwa kwenye karatasi moja ya A4 inabandikwa mlangoni kwa gundi ya ugali na tunasema wananchi wametangaziwa. Aliyelisoma ni mwenye nafasi ya kupita ofisini mchana, na mwenye nafasi ya kupita ofisini mchana mara nyingi si muuza mihogo wala mchuuzi wa samaki wala mama anayefua nguo za watu. Halafu pesa yenyewe inatoka wapi? Mapato ya ndani hayo ni ushuru na ada na leseni, na yule mama wa sokoni akikata risiti ya ushuru asubuhi na yeye ameweka mkono wake kwenye hiyo asilimia 10. Analipa saa moja asubuhi bila tangazo lolote, kwanini habari ya mkopo imfikie zimebaki siku tatu? Mimi sitaki mtu aniambie ni uzembe wa wananchi.

Ila sasa tusikae tunalalamika tu barazani. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, mwenye chama na asiye na chama, aliyepiga kura na aliyerudishwa kwenye foleni kama wewe. Kurudishwa siku ile hakujakufanya mgeni wa mtaa wako. Nikueleze na kilichotokea, maana wengi walirudi majumbani wanalia kama wewe: ile kadi yako ni ya Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi, ni ya kura za rais, wabunge na madiwani, lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa na orodha yake ya wakazi, iliandikishwa palepale mtaani kuanzia tarehe 11 mpaka 20 Oktoba, siku kumi tu. Siku hizo kumi mtu akizikosa hata awe na kadi tatu jina halipo. Uchaguzi huo ni kila miaka mitano, kwahiyo 2029 ukikaribia we uwe unauliza kuanzia Septemba, usisubiri karatasi ya mlangoni.

Mkutano kuwa saa nne asubuhi kunaweza kubadilika. Hakuna sheria iliyosema saa nne. Waulize wenzio wanaopika, wa vitumbua, wa uji, mama wa samaki, hata watano tu, mwandikie mwenyekiti wa mtaa barua moja wote msaini, mseme sisi wakazi wa mtaa huu tunafanya kazi asubuhi, tunaomba mkutano uwe saa kumi alasiri baada ya swala, na tunaomba matangazo ya pesa na mikopo yasomwe sokoni na kwenye kituo cha daladala, na msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, angalau wiki mbili kabla ya kufungwa. Barua iwe fupi na ya adabu. Nakala moja kwa mtendaji, nyingine kwa diwani. Niliwahi kukaa na kina mama wa mtaa mmoja tukafanya hivyohivyo, miezi miwili hakuna jibu, wa tatu mwenyekiti mwenyewe akapita kwenye meza ya vitumbua akasema Jumamosi saa kumi mje. Wakaja wengi mpaka viti vikaazimwa kwenye nyumba ya arusi. Na siku hiyo kwa mara ya kwanza walisomewa mapato na matumizi ya mtaa, mama mmoja akauliza ule mchango wa taa za barabarani uko wapi, kimya, na wiki iliyofuata taa mbili ziliwekwa.

Ndugu zetu wa vijijini huko Mkinga na Muheza, na nyie msijifanye haiwahusu, kwenu mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu. Kama mwaka umepita hamjaitwa, ulizeni.

Kuhusu grupu la WhatsApp, kitochi kisikutie unyonge. Mchague mtoto mmoja mwenye simu kubwa, wa kwako au wa jirani, kila jioni akija kula mihogo akusomee yaliyorushwa leo. Akusomee yote, usikubali aseme "ni mambo ya mkopo tu". Muulize limetoka ofisi gani, lina muhuri na sahihi ya nani, la tarehe ngapi na linafungwa lini, fomu inapatikana wapi na kama kuna mahali pameandikwa pesa ya kulipia. Likitaja malipo kwenye namba ya simu ya mtu, hilo sio tangazo la serikali, malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile control number, na kujiandikisha kusaidiwa hakulipiwi kabisa. Na ukiwa na shaka tembea mpaka ofisini ukalilinganishe na lile la mlangoni.

Mwisho, na hili nimelibakisha makusudi maana nataka ulifikirie ukiwa umepumzika, kwanini wewe uwe jina la tano kwenye sabuni ya watu? Una wanawake wenzio wa barabara ile mnaazimana mafuta na chenji kila siku. Kama mna mchezo wa kupeana na hakuna aliyewahi kukimbia na zamu yake, basi nusu ya kikundi mnayo tayari. Msisubiri tangazo ndo mkimbizane na karatasi. Andikeni katiba yenu kwa Kiswahili chenu, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mnakutana lini, asiyekuja anafanywa nini, kila kikao kiandikwe kwenye daftari, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awasajili na mfungue akaunti ya kikundi. Tangazo lijalo likitoka liwakute mmesajiliwa na karai linachemka, afisa akija kukagua akute moshi. Na msiombe milioni 10 kwa sababu wengine wameomba, ombeni kile ambacho mihogo na bajia zinaweza kukirudisha, karai mbili kubwa, majiko banifu, friza ya samaki labda. Mimi ningeanza kidogo.

Ukweni watakusema wiki mbili tatu, vumilia. Baba watoto akirudi dago mkae nae na wifi awepo, mzungumze habari ya deni lake kwa upole.

Jumatatu asubuhi karai mwachie jirani unayemuamini, wewe nenda kata kwanza kisha pitia kwa mtendaji. Nakala yako ya NIDA ikirudi mkononi niandikie nijue, na mama mpe shikamoo yangu.